Kinda wa Bluu Katoka Wapi?

Juzi usiku shoga yangu mmoja kanipigia simu, hajui acheke au alie. Yeye na mumewe wanafuga bajerigari, wale kasuku wadogo wenye asili ya Australia. Jozi moja tu, wote kijani. Mayai yakaanguliwa, makinda matano, na manyoya yalipoota mmoja akawa bluu mwenye uso mweupe! Mume akamkodolea macho jike: "Huyu mama ana nyumba ndogo." Ndani ya tundu lililofungwa, jamani?

Ngoja nimtetee. Kijani ya bajerigari ni rangi mbili kwa pamoja. Unyoya wenyewe, kwa jinsi ulivyoumbika, hurudisha mwanga wa bluu, kisha kuna rangi ya njano ndani yake. Ondoa njano, inabaki bluu. Utafiti wa mwaka 2017 ulionyesha kuwa kosa dogo kwenye jeni moja ndilo linalomnyima ndege ile njano. Sasa kila ndege ana nakala mbili za jeni hiyo, moja ya baba, moja ya mama. Nakala moja nzima inatosha kumfanya awe kijani, kwa hiyo mwenye mbovu moja huwezi kumjua kwa macho. Wakikutana wawili wa hivyo, kila yai lina nafasi 1 kati ya 4 ya kutoa kinda wa bluu. Kwa maana hiyo baba naye kachangia, nusu kwa nusu! (Ipo na rangi nyingine, njano yenye macho mekundu, ambayo jike hawezi kuificha. Dume ndiye huibeba kimya kimya na kuwarithisha binti zake. Akina kaka, mpo?)

Nilicheka sana, halafu nikanyamaza. Hesabu hiyohiyo, 1 kati ya 4 kwa kila mimba, ndiyo ya wazazi wasio na ualbino wanaopata mtoto mwenye ualbino. Lazima wote wawili wawe wamebeba jeni. Na hapa kwetu wapo wanawake walioachwa na kichanga mkononi, wakiambiwa wametembea nje ya ndoa. Mwanaume anafunga begi na kuondoka, kumbe anachokikimbia anacho mwilini mwake.

Nikamwambia shoga yangu ampe mumewe simu. Tuliongea dakika kumi, nyingine alikuwa kimya tu. Kinda wa bluu wamempa jina la baba mkwe.