Sanaa ya Jamii Timau: Nani Apangaye, Nani Apangiwaye?

Imekuwa desturi, kila chuo kinapotaka kuthibitisha kwamba sanaa yake haijajifungia darasani, wanafunzi wapakiwe katika basi, wapelekwe mashambani, wachore ukuta mmoja wa shule au zahanati, wapigwe picha, kisha warejee kabla ya giza kuingia. Wenyeji hubaki na ukuta. Aghalabu hawakuulizwa kama waliuhitaji.

Ichukuliwe kwamba ziara kama hiyo inakusudiwa kufanyika Timau, mji mdogo ulio kando ya barabara ya Nanyuki kwenda Meru, katika miteremko ya kaskazini ya Mlima Kenya. Kabla ya rangi na brashi kuna kalenda. Mashamba ya maua huelemewa na kazi katika wiki zinazotangulia tarehe 14 Februari, siku ambayo waridi huhitajiwa mno Ulaya. Msimu wa kuvuna ngano nao una shughuli zake. Mpangaji asiyelijua hilo atachora na watoto peke yao, kisha aandike katika ripoti yake kwamba jamii ilishiriki.

Kielelezo cha upangaji ulio bora kipo papa hapa Kenya. Mnamo 1977, huko Kamĩrĩĩthũ, Limuru, wakulima na wafanyakazi wa viwandani waliigiza Ngaahika Ndeenda, tamthilia ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ. Mazoezi yalifanywa hasa Jumamosi na Jumapili alasiri, yasije yakagongana na kazi wala ibada za asubuhi. Yalifanywa hadharani, na wanakijiji wakawa huru kuwasahihisha waandishi kuhusu namna mzee anavyosema na wimbo unavyoimbwa. Jukwaa walilijenga wenyewe. Mchezo ulianza kuonyeshwa Oktoba, ukapigwa marufuku Novemba, na mwaka ulipokwisha Ngũgĩ wa Thiong'o akatiwa kizuizini. Mnamo 1982 jukwaa likabomolewa. Yamkini hakuna serikali ambayo ingejisumbua kiasi hicho kwa ajili ya kazi isiyo na wenyewe.

Watakuwapo wa kupinga kwamba uchoraji si uigizaji, kwamba picha haina mazungumzo ya kusahihishwa. Hoja hiyo ina uzito, ila si mwingi. Kikundi cha Wajukuu, ambacho kazi zake zilifika maonyesho ya documenta mjini Kassel, Ujerumani, mnamo 2022, kimeota mizizi katika mtaa wa Mukuru, Nairobi, miongoni mwa wasanii wanaoujua mtaa huo kwa kuishi ndani yake. Mwanafunzi aendaye Timau hana bahati hiyo. Yeye ni mgeni, na mgeni huanza kwa kubisha hodi. Kwa hiyo ziara moja haitoshi. Ya kwanza iwe ya kuketi na kuuliza, bila brashi. Ya pili, mchoro utiwe ukutani kwa chaki, uachwe siku kadhaa, ili mama muuza viazi aseme kwamba jembe limeshikwa vibaya, nao ufutwe na kuchorwa upya. Rangi ingoje ziara ya tatu. Gharama ya basi itazidi, bila shaka, na pengine itabidi kuchora ukuta mmoja mahali palipokusudiwa kuta nne.

Wanafunzi wa Kiswahili nao wana nafasi yao, mradi wasijidanganye. Mashamba ya maua yamewaleta pamoja vibarua kutoka sehemu nyingi za nchi, na Kiswahili ndicho kinachowaunganisha. Lakini mzee atakayeeleza jinsi mto ulivyokuwa kabla ya maji kupungua huenda akaeleza vizuri zaidi kwa Kimeru, na kumlazimisha kusema Kiswahili sanifu ni kumnyang'anya nusu ya habari yake. Mkalimani atafutwe mapema, alipwe, na jina lake liandikwe ukutani pamoja na ya wachoraji.

Na rangi itakayobaki isirudishwe chuoni. Iachwe Timau, pamoja na brashi, mikononi mwa mtu aliyechaguliwa na wenyeji wenyewe, maana mvua na jua la mlimani litaichakaza picha hiyo mapema kuliko wanavyodhani walioichora.