Lehemu, Matundu na Amana ya Nyumba



Wapenzi wasomaji, vijana wetu wengi, wa kike na wa kiume, hujitafutia riziki nyumbani kwa kutengeneza redio, feni na chaja. Ni kazi ya halali, nasi twawaombea baraka. Lakini iko hatua moja ambayo, ikifanywa kwa pupa, huharibu chombo na kudhuru afya: kuondoa lehemu iliyoziba matundu ya bodi baada ya kung'oa kifaa kilichokufa.

Kwanza, chombo kichomolewe, wala bodi isiguswe kabla umeme uliobaki katika kapasita kubwa haujaisha.

Pili, tundu likikataa kufunguka, liongezwe lehemu mpya kidogo. Lehemu mpya ina ulimbo ndani yake, nao husaidia ile kongwe kuyeyuka. Ikiwa bado maji, ifyonzwe mara moja kwa pampu yake. Masalio yanyweshwe utepe wa nyuzi za shaba. Asiye na pampu apashe moto upande mmoja, kisha asukume kijiti cha meno kutoka upande wa pili, kwani lehemu haishiki mti. Pasi isikae zaidi ya sekunde chache, kwa sababu duara la shaba lililozunguka tundu likibanduka, bodi imeharibika. Tusipulize kwa mdomo wala tusigonge bodi mezani: lehemu ya kawaida huyeyuka kwenye nyuzi zipatazo 183 za Selsiasi, na tone lake likiruka jichoni ni msiba.

Tatu, na hapa twawaomba kina mama watusikilize zaidi, lehemu nyingi ina risasi. Shirika la Afya Duniani limeeleza kwamba hakuna kiwango cha risasi kijulikanacho kuwa salama. Hudhuru ubongo wa mtoto, hata aliye tumboni. Moshi tuuonao ni wa ulimbo, nao humsumbua mwenye pumu. Risasi yenyewe huingia hasa kwa mikono isiyonawishwa. Basi dirisha liwe wazi, meza isiwe ya chakula, vumbi lipanguswe kwa kitambaa kibichi badala ya kufagiwa, na mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kula au kumbeba mtoto.

Dini yetu imetukataza kujidhuru na kuwadhuru wengine. Chombo cha mteja ni amana, na mtoto ni amana iliyo kubwa zaidi.

Wabillahi tawfiq.