Deni Limelipwa, Alama Haikupanda

Jumamosi iliyopita, kwenye meza yetu ya kusaidiana na makaratasi, alifika baba mmoja na mfuko wa plastiki uliojaa bahasha. Akatoa moja, akaikunjua taratibu, akaweka kidole kwenye mstari wa katikati. Lilikuwa deni la simu, dola 640, aliloacha kulipa mwaka 2020 alipopunguziwa saa za kazi wakati wa korona. Miezi michache iliyopita alililipa lote kwa mkupuo, kwa pesa alizokuwa akidunduliza kwa ajili ya nyumba. Akaenda kwa mkopeshaji kifua mbele. Alama yake ya krediti ikatoka 588, ile ile ya mwanzo. Kilichomuudhi zaidi ni kwamba binti yake alikuwa amemwonyesha alama nyingine kwenye simu, na hiyo ilikuwa imepanda vizuri tu.

"Mwalimu," akaniambia, "si ninyi mnaosema dawa ya deni ni kulipa?"

Tunasema, na sitaikana methali leo. Lakini methali ile ni ya deni la dukani, ambapo mwenye duka anakujua, ukilipa anapiga mstari kwenye daftari mbele ya macho yako, na kesho unachukua unga tena. Wenzetu wa Kenya nao wamezoea CRB, zile ofisi za kumbukumbu za mikopo: ukimaliza deni unaomba cheti, unakwenda nacho kwenye kazi. Hapa Marekani cheti hicho hakuna. Kuna kampuni tatu, Equifax, Experian na TransUnion, zinazoandika historia yako, kisha kuna kanuni za hesabu zinazoisoma na kutoa alama kati ya 300 na 850. Kanuni hizo zinataka kujua kama uliwahi kushindwa mpaka deni likaenda kolekshini, yaani kwa wakusanyaji wa madeni. Ulilipa baadaye? Baadhi zinajali, baadhi hazina habari.

Hapo ndipo baba yetu alipokwama. Kanuni iitwayo FICO 8, iliyotoka mwaka 2009 na ambayo bado inatumika sana, hailitofautishi deni la kolekshini lililolipwa na lisilolipwa, ila yale ambayo awali hayakufika dola 100 inayapuuza. FICO 9 ya mwaka 2014 inayaacha kabisa yaliyolipwa yakamalizika, na VantageScore 3.0 ya mwaka 2013 vilevile. Wakopeshaji wa nyumba kwa miaka mingi wameng'ang'ania matoleo ya zamani kuliko yote haya. Kwa hiyo binti hakudanganya, na mkopeshaji hakudanganya. Kila mmoja alikuwa anasoma kwa miwani yake.

Deni la hospitali lina njia yake. Tangu Julai 2022, likilipwa linaondolewa kwenye ripoti, na lisilolipwa haliandikwi mpaka mwaka mzima upite. Tangu 2023, yaliyo chini ya dola 500 hayaandikwi kabisa. Januari 2025 ilitoka kanuni ya serikali ya kuyafuta yote, lakini Julai mwaka huohuo mahakama ya Texas iliitupa. Anayekuambia kwamba bili za hospitali hazihesabiwi tena anakumbuka habari za Januari.

Sasa kuhusu muda, kwa sababu hapa ndipo watu wetu wanapoumia. Deni la kolekshini hukaa kwenye ripoti miaka 7, ikihesabiwa tangu ulipoanza kuchelewa kwa mdai wa kwanza. Kulipa hakuisogezi tarehe hiyo, na deni kuuzwa kwa kampuni nyingine hakuisogezi pia. Deni la baba litatoka mwaka 2027. Lakini kuna saa ya pili, ya mahakama: muda ambao mdai anaweza kukushtaki, ambao katika majimbo mengi ni kati ya miaka 3 na 6. Hiyo, katika majimbo kadhaa, huanza upya ukilipa hata senti. Ndiyo maana sauti ya kwenye simu hukuambia kwa upole, "Lipa dola 20 tu leo, tuone nia yako." Unalipa kwa aibu, na deni lililokuwa linakata roho linaketi kitako.

Aibu naijua. Mwaka wangu wa pili hapa nilimlipa mtu wa simu dola 50 kwa deni la mpangaji aliyekaa kwenye nyumba kabla yangu. Jina lake halikufanana na langu hata kidogo. Ila yule mtu alitamka neno "mahakama", nami nilikuwa nimelelewa kuona kudaiwa ni kuvuliwa nguo.

Nusu ya tuliotoka kambi za wakimbizi, nasema kwa kukisia, tumeandikiwa kuzaliwa tarehe 1 Januari. Wapo wawili mtaani kwetu wenye jina moja, siku moja na mwaka mmoja, na deni la mmoja limewahi kulala kwenye ripoti ya mwenzake. Kwa hiyo kabla ya kutoa pesa, taka barua. Sheria ya ukusanyaji wa madeni ya mwaka 1977 inakupa siku 30 tangu upate taarifa ya deni kulipinga kwa maandishi, na wakusanyaji wanapaswa kuacha kukudai mpaka walete uthibitisho. Makosa ya ripoti yenyewe unayapinga kwa zile kampuni tatu. Ripoti zao ni bure kila wiki, mtu asikuuzie.

Je, baba alikosea kulipa? Sidhani. Deni lilikuwa lake, wangeweza kumshtaki, na wakopeshaji wengi wa nyumba wanataka kuona sifuri hata kama alama haijasogea. Ila ningemwomba aje kwanza. Deni bovu kama lile linanunuliwa kwa senti, na mara nyingi mnunuzi hukubali pungufu. Wengine hukubali hata kulifuta kwenye ripoti, ingawa hawalazimiki. Yote hayo yawe kwenye karatasi kabla hujataja namba ya kadi. Na ukisamehewa dola 600 au zaidi, tarajia fomu ya kodi.

Akiba iliyobaki ningeiweka kwenye mkopo wa tiketi ya ndege wa IOM, Shirika la Kimataifa la Uhamiaji. Hauna riba, na kwa familia nyingi zilizotoka kambi ya Nyarugusu ndio mstari wa kwanza kabisa kwenye ripoti. Huo tusiuache ukafika kolekshini.

Jumamosi ijayo meza itakuwa pale pale, kando ya birika la chai, kuanzia saa nane mchana. Leteni bahasha, hata zisizofunguliwa. Wasiosoma Kiingereza wasiogope: baba wa deni la simu amejitolea kuketi nami na kutafsiri kwa Kibembe.