Mlango Wako Uwe Wako, Dada



Mwaka juzi tulivuka bahari, tukapanda basi kutoka Dar hadi Masasi kwa harusi ya ndugu yetu. Kule kusini pesa za korosho zikianza kuingia, shughuli nazo hufuatana, na mafundi wa magauni ya nikaha hawalali. Tulimkuta fundi wetu amejiinamia mbele ya cherehani. Akaunti yake ya Instagram ilikuwa imedukuliwa.

Kazi zake za miaka minne zilikuwa humo. Vipimo vya wateja, pesa walizotanguliza, hata picha ambazo maharusi walimtumia bila ushungi ili aone shingo ya gauni aikate vipi, vyote vilibaki kwenye meseji, mikononi mwa mtu asiyemjua. Mtu huyo akaanza kuwaandikia wateja kwa jina la fundi, akiwataka wamalizie malipo kwa namba mpya. Bi harusi mmoja wa Newala akatuma. Angejuaje? Kutoka Newala hadi Masasi ni safari ya kushuka kutoka uwanda wa Makonde, na mtandaoni hapakuwa na mahali pengine pa kuhakikisha namba.

Hatusemi muache mitandao. Instagram na stetasi za WhatsApp ndizo soko letu, na huyo bi harusi alimjulia fundi huko huko. Tunachosema ni kwamba pale ni barazani kwa watu. Tunatandika mkeka wetu, lakini mwenye nyumba akifunga, sote tunabaki nje. Tarehe 4 Oktoba 2021, Facebook, Instagram na WhatsApp, zote za kampuni moja, zilizimika pamoja kwa takriban saa sita dunia nzima.

Basi uwe na tovuti yako, hata ya ukurasa mmoja. Weka picha za magauni yakiwa yametundikwa, si lazima yavaliwe na mtu. Weka bei ya kuanzia, masharti ya advansi, namba yako ya simu na namba ya malipo yenye jina lako. Kisha kila unapoposti, mwelekeze mteja huko, na umwambie wazi kwamba namba isiyokuwepo pale si yako.

Na hii "bei njoo inbox" tuipunguze. Dini yetu inataka mnunuzi aijue bei kabla ya kukubaliana, sasa tunaificha ya nini?

Mtatuambia tovuti ni gharama. Ni kweli, jina la .co.tz hulipiwa kila mwaka, na wa kukutengenezea naye ana ujira wake. Linganisha na advansi za msimu mmoja zilizopotea. Ila hakikisha jina limesajiliwa kwako na kwa barua pepe yako, si ya kijana aliyekutengenezea. Mkikosana, ataondoka nalo.

Tovuti nayo haina kinga ya kila kitu. Oktoba 2025, intaneti ilipozimwa nchini kwa siku kadhaa, nayo haikufunguka. Kwa hiyo daftari lisitupwe. Aya ya 282 ya Suratul Baqara inatuagiza kuandika madeni, na advansi ya mteja ni deni shingoni mwetu mpaka gauni limfikie. Vipimo viandike. Picha za mteja zifute ukishamaliza nazo, maana stara yake ni amana.

Yule fundi alimshonea bi harusi wa Newala gauni lake bila kumdai tena. Alisema jina lililotumika kumwibia lilikuwa lake. Mwenyezi Mungu amlipe kheri, lakini hasara ile ilimla msimu mzima.

Nawe dada, mteja wako leo akitaka kuhakikisha namba yako, ataangalia wapi?