Skolashipu Mbili kwa Mtoto Mmoja



Siku hizi watoto wetu wengine hupeleka maombi mpaka vyuo vya Marekani, na mara moja moja mmoja hukubaliwa, tena kwa msaada wa masomo. Baadaye huenda akapata zawadi nyingine kutoka kwa chama au kampuni, yaani skolashipu ya nje. Nyumbani hupigwa vigelegele, na baba husema, "Basi, ng'ombe wetu wamepona, hatuuzi tena." Ngojeni kwanza. Chuo chaweza kupunguza msaada wake kwa kiasi kile kile cha zawadi hiyo, na mzigo wa nyumbani ukabaki kama ulivyokuwa.

Sababu ni hii. Chuo hujumlisha karo, chakula, malazi, vitabu na nauli. Kisha hutazama jamaa waweza kutoa kiasi gani. Tofauti yake huitwa haja ya mwanafunzi. Vyuo vingine hujaza haja yote, vingine sehemu tu, na mara nyingi kwa mafungu matatu: zawadi isiyorudishwa, mshahara wa kazi ndogo chuoni, na mkopo. Mtu mwingine akitoa fedha, chuo husema haja imepungua.

Serikali ya Marekani nayo ina misaada yake kwa wahitaji, na sheria yakataza msaada huo, pamoja na skolashipu za nje, kupita haja ya mwanafunzi. Lakini fedha hizo ni za raia, za wenye ruhusa ya kukaa daima, na za wakimbizi waliopokelewa huko, wakiwamo ndugu zetu wengi kutoka Kongo. Mtoto anayetoka huku kwa ruhusa ya masomo tu hutegemea zaidi fedha za chuo chenyewe, na kila chuo kina kanuni zake.

Tufanye hesabu kwa mfano. Gharama ya mwaka ni dola 70,000. Jamaa wameambiwa watoe 1,500. Zinabaki 68,500: zawadi ya chuo 63,500, kazi 2,500 na mkopo 2,500. Sasa mtoto apata skolashipu ya nje ya dola 5,000.

Chuo cha kwanza kitafuta mkopo na kazi, na zawadi yake haitaguswa. Mtoto atasoma bila deni, na saa za kazi zitakuwa saa za vitabu. Hiyo ni faida kweli. Chuo cha pili kitashusha zawadi yake mpaka 58,500, na mkopo na kazi vitabaki palepale. Hapo aliyefaidika ni chuo, wala si mtoto. Tena angalieni: katika vyuo vyote viwili, zile 1,500 za jamaa hazikupungua hata senti moja. Vyuo vingi havikubali skolashipu ya nje ilipe sehemu ya wazazi. Mzazi asiyejua jambo hili huacha kuweka akiba, na ankara ikija humkuta mikono mitupu.

Huko Marekani kwenyewe watu wamelalamika. Mwaka 2017 jimbo la Maryland lilikuwa la kwanza kutunga sheria ya kuvikataza vyuo vyake vya umma kupunguza msaada wao kwa sababu ya skolashipu ya nje, isipokuwa katika hali chache, kama vile mtoaji akiridhia. Majimbo mengine yalifuata, kama New Jersey na California. Lakini sheria hizo si za nchi nzima.

Basi yafaa mtoto aandikie ofisi ya misaada ya chuo, kabla hamjabadili shauri lolote la nyumbani, aulize mambo manne. Kwanza: nikipata skolashipu ya nje, mtapunguza fungu gani mbele, mkopo, kazi au zawadi? Pili: je, fedha hizo zaweza kulipia vitu vilivyoachwa nje ya hesabu, kama kompyuta au bima ya afya? Tatu: je, zaweza kupunguza sehemu ya jamaa? Nne, na hili husahauliwa sana: skolashipu ikiwa ya mwaka mmoja tu, mwaka wa pili mtarudisha zawadi mliyoipunguza? Majibu yawe ya maandishi, nayo yahifadhiwe.

Majibu yakiwa mabaya, mtoto amwandikie mtoaji wa skolashipu pia. Watoaji wengine hukubali kuahirisha fedha mpaka mwaka mwingine, au kuzigawa katika miaka kadhaa, maana nao hawapendi zawadi yao iishie katika mfuko wa chuo.

Kuna wanaoshauri, "Nyamaza tu, chuo hakitajua." Msikubali. Vyuo humtaka mwanafunzi ataje kila fedha anayopata, na mara nyingi mtoaji hupeleka hundi yake moja kwa moja chuoni. Jambo likifichuka katikati ya mwaka, msaada hukatwa na deni humwangukia kijana aliye mbali na kwao, asiye na mjomba wa kumkopesha.

Skolashipu ya nje ni neema, wala simkatazi mtoto yeyote kuitafuta. Lakini msiihesabu kuwa nafuu ya nyumbani mpaka chuo kijibu. Kuuliza si ujinga, na barua moja leo ni rahisi kuliko ankara ya kesho.