Uliyefiwa na Mbwa, Usikimbilie kwa Wachuuzi

Kifo cha mbwa wa nyumbani hakitandikiwi mkeka wala hakiitiwi majirani. Huchimbwa shimo nyuma ya banda, akafukiwa, na kesho yake watu wakarudi kwenye shughuli zao. Lakini watoto waliokua naye hula kimya, na mwenye nyumba hushtuka usiku kwa kukosa kubweka alikokuzoea. Wapo wanaoicheka huzuni hiyo. Sisi hatuicheki, tunalotaka kulisema ni juu ya yale tufanyayo baada yake.

Wengi wetu hufuata moja kati ya njia mbili. Wapo waapao kwamba hawafugi tena maisha. Na wapo wakimbiliao wachuuzi wa barabarani wakanunua mtoto wa mbwa wa rangi ileile, wakampa na jina lilelile. Wa kwanza anaifungia huruma mlango. Wa pili anamtwika kiumbe mchanga deni la marehemu. Ndugu msomaji, iko njia ya tatu iliyo bora: mchukue mtoto wa mbwa aliyeokolewa, ila mchukue kwa kujua unalolifanya.

Mtaani kwetu watoto wa mbwa, hasa majike, hutiwa guniani na kutupwa jalalani kwa kuwa mama yao hakufungwa kizazi. Wenye bahati huokotwa na vyama vya kutetea wanyama kama KSPCA ya Kenya, ambayo kazi yake ilianza mwaka 1910. Umchukuapo mmoja, unaacha nafasi kwa mwingine. Umnunuapo kwa mchuuzi, mara nyingi unapewa aliyeachishwa ziwa kabla ya wiki 8, na fedha yako inamtuma mchuuzi akalete wengine.

Utaambiwa huyo ni mbwa koko tu. Mwizi arukaye ukuta usiku haulizi ukoo wa anayembwekea. Utaambiwa pia kwamba unamsaliti yule wa kwanza. Sivyo. Nyumba iliyofiwa na mbwa ndiyo iliyokwisha kujifunza kumlisha, kumwogesha dawa ya kupe na kumpeleka kwa daktari wa mifugo. Ujuzi huo ukizikwa pamoja naye, nani amefaidika? Na ndugu zetu Waislamu wanaofuga mbwa wa ulinzi au wa kuchunga mifugo, wakamtengea mahali pake nje, wanaijua hadithi ya mtu aliyeteremka kisimani akamnywesha mbwa mwenye kiu, akasamehewa dhambi zake.

Lakini kabla hujamleta mgeni, jiulize: yule wa kwanza alikufa kwa nini? Ikiwa ni kwa ugonjwa wa parvo, jihadhari sana. Virusi vyake hukaa udongoni miezi mingi, hata mwaka na zaidi. Sakafu ya saruji huoshwa kwa dawa ya klorini, bakuli na matandiko ya zamani hutupwa; udongo wa uani hausafishiki kwa urahisi. Nyumba ya namna hiyo ichukue aliyekwisha kumaliza chanjo zake, si mchanga asiye na kinga.

Na kama alikufa akiwa na dalili za kichaa cha mbwa, jambo la kwanza si mbwa mwingine, ni hospitali. Kila aliyeumwa, au aliyelambwa penye kidonda, aoshe jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha aende leo hii kuchanjwa. Dalili za ugonjwa huo zikishamtokea mtu, ni nadra mno kupona. Kenya imejiwekea lengo la kukomesha vifo vya watu vitokanavyo na kichaa cha mbwa ifikapo 2030, na wataalamu wanasema mbwa wapatao asilimia 70 wakichanjwa, maambukizi hukatika. Asilimia hiyo huanzia katika nyumba yako na yangu.

Kwa hiyo andaa fedha ya chanjo kabla ya kuandaa jina. Chanjo za utotoni huanza wiki ya 6 hadi ya 8, hurudiwa kila baada ya wiki 3 au 4 mpaka wiki ya 16. Ya kichaa hutolewa akifikisha miezi 3, kisha hurudiwa kama daktari atakavyoagiza. Umri ukifika, mfungishe kizazi, usije ukawa wewe mwenye gunia.

Mwisho, subira. Aliyetupwa huweza kuogopa ufagio, sauti kubwa, hata mkono unaomletea chakula. Usimpige kwa kuwa hafanyi alivyofanya mwenzake, hakuwahi kumwona. Usimfungie mnyororo mchana kutwa ukatarajia awe na akili. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na wa mbwa pia.

Huna nafasi, fedha wala subira? Basi mwache, wala hakuna wa kukulaumu. Unavyo? Usingoje huzuni iishe yote, kwani huenda isiishe. Wiki hii muulize daktari wa mifugo aliye karibu nawe ni wapi wanapopokelewa waliookolewa, uende na watoto wako mkamchague mmoja.