Kabla ya Kuthibitisha Chuo, Twende Tukakione



Wapendwa waamini, Jumapili iliyopita baada ya Misa ya pili alitujia ofisini mzazi mmoja akiongozana na binti yake wa kidato cha tano. Alitaka tumchagulie chuo. "Baba Paroko, wewe umesoma," alisema, "taja jina tu, sisi tutafuata." Zamani tungalitaja. Safari hii tulikataa, na juma hili twapenda kueleza sababu, kwa kuwa inatugusa sisi wenyewe.

Miaka kadhaa iliyopita msichana mwingine wa parokia yetu alifika katika ofisi hiyohiyo. Alama zake zilikuwa nzuri. Tulikuwa tumesikia chuo fulani kikisifiwa, tukamtajia, tukamwandikia na barua ya utambulisho yenye mhuri. Baba yake akauza ng'ombe wawili. Kati yetu sote watatu hakuna aliyekuwa amekanyaga pale. Binti alipofika alikuta mabweni yamekwisha kujaa, akapanga chumba mbali na chuo. Vipindi vya mwisho viliisha giza likiwa limeingia, naye alirudi kwa miguu katika njia isiyo na taa. Mafunzo kwa vitendo, ambayo ndiyo hasa yaliyompeleka, yalifanyika katika mji mwingine kwa gharama ya mwanafunzi. Muhula wa pili haukwisha, akarudi nyumbani. Tulipokwenda kumpa pole, baba yake hakutulaumu. Alisema tu: "Padre, ng'ombe nikimnunua mnadani humfungua kinywa nikatazama meno. Chuo hiki sikukifungua kinywa."

Tumekaa na maneno hayo muda mrefu. Yatupasa kukiri kwamba chuo kile hakikutudanganya. Yote aliyoyakuta tungaliyajua kwa siku moja ya kutembea na kuuliza.

Na ajabu ni kwamba katika mambo mengine sisi si watu wa kwenda gizani. Kijana akitaka kuoa, wazee hutuma watu wakaangalie ule mji anakokwenda kuposa. Kijana akitaka useminari, hualikwa kwenye siku za wito, akalala pale, akala chakula cha pale, akaona kengele inavyogonga alfajiri. Kanisa linamtazama naye analitazama. Nathanaeli alipotilia shaka kama jambo jema laweza kutoka Nazareti, Filipo hakubishana naye bali alimwalika akajionee. Ila kwa chuo, mahali ambapo mtoto atakaa miaka mitatu, minne au mitano, twaridhika na sifa za jirani na picha ya lango kwenye simu.

Wapo watakaosema nauli hakuna. Hatuwadharau, twazijua nyumba zetu. Lakini twazijua pia sherehe zetu. Jumuiya ileile inayochangia send-off kwa kadi na bahasha, yaweza kuchanga nauli ya watu wawili kwenda na kurudi Mwanza. Na tangu Daraja la J.P. Magufuli kati ya Kigongo na Busisi lilipofunguliwa mwezi Juni 2025, sisi wa upande huu hatungoji tena kivuko; mtu aweza kutoka asubuhi, akashinda chuoni, akalala kwake. Wapo pia wanaosema, "Aende tu, Mungu atamjalia." Mungu hujalia, lakini Bwana wetu alimsema yule aliyeanza kujenga mnara bila kukaa kwanza na kuhesabu gharama, na hatukumsikia akimsifu.

Tatizo kubwa kuliko nauli ni wakati. Mitihani ya kidato cha sita hufanyika mwezi Mei. Wengi baada ya hapo huitwa JKT. Matokeo yakitoka, dirisha la maombi hufunguliwa na kila mtu anakimbizana na tarehe. Tangu mwaka 2017 mwombaji wa shahada hupeleka maombi moja kwa moja chuoni, na akichaguliwa na vyuo zaidi ya kimoja hutakiwa kuthibitisha kimoja tu. Huo si wakati wa kuanza kuuliza bweni liko wapi. Kwa maoni yetu safari ifanyike mapema, katika likizo ya katikati ya mwaka mtoto akitoka kidato cha tano, na iwe siku ya kazi ambapo wanafunzi wapo madarasani. Jumamosi chuo huwa kizuri mno.

Kabla ya kuondoka, mzazi na mtoto wasome pamoja mwongozo wa udahili wa Tume ya Vyuo Vikuu (TCU), wahakikishe kozi yenyewe imo, si jina la chuo peke yake. Wapige simu ofisi ya udahili waombe siku. Mkifika, mzazi, tafadhali, kaa kimya kidogo. Tumewaona wazazi wakiuliza maswali yote huku mtoto akihesabu vigae sakafuni. Mtoto aandike maswali yake na ayaulize yeye: mwaka wa kwanza hupata bweni wangapi? Mbali na ada, kuna michango gani mingine? Mafunzo kwa vitendo hufanyikia wapi, na nani hulipa? Mkopo ukichelewa, au ukiwa nusu, chuo humruhusu mwanafunzi kufanya mitihani? Kisha watoke ofisini. Wale kantini, wakae maktaba saa nzima, watembee kutoka bwenini hadi darasani jioni. Wamtafute mwanafunzi wa mwaka wa pili, maana wa kwanza bado anashangaa na wa mwisho amekwisha kusahau. Huyo atawaambia bumu huisha wiki ya ngapi.

Waulize pia kanisa. Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino (SAUT) pale Malimbe kilianzishwa na Baraza la Maaskofu Katoliki Tanzania mwaka 1998, na tunakipenda. Hata hivyo nacho kikatazamwe kwa macho makavu kama vingine. Anayekwenda chuo cha serikali aulize wanafunzi Wakatoliki husali wapi na padre mlezi ni nani. Kwa vyuo vya mbali kama Dar es Salaam au Dodoma, ambako nauli ni mzigo kweli, njooni tutafute kijana wa jimbo letu anayesoma kule awe macho yetu. Maonesho ya vyuo vikuu ya TCU husaidia, ila bandani hakuna choo cha bweni cha kukagua.

Kwa hiyo tumeamua kuanza na safari moja ya Malimbe na Bugando. Wenye watoto wa kidato cha tano waandikishe majina kwa katibu wa parokia kabla ya Jumapili ijayo, na familia isiyo na nauli imwone mwenyekiti wa jumuiya yake bila aibu. Yule binti aliyerudi nyumbani amekubali kufuatana nasi. Ameomba jambo moja: tuanzie mabwenini, ofisini twende baadaye.